Betri Sita za Darasa la Tano

Simu ilipolia nilikuwa nachambua chinsaga, na kwa kuwa siipendi simu inayonikatiza nikiwa na mboga mikononi, niliipokea kwa ukali. Aliyepiga alikuwa kijana. Alijitambulisha kuwa ni Mwalimu Onchiri wa shule moja ya msingi iliyo juu kidogo ya Nyakoe, shule ambayo kwa karibu miaka hamsini nimekuwa nikizunguka mbali ili nisiipitie. "Mama, tumepata jina lako kwa kitabu ya zamani," akasema. "Imeandikwa, Kwamboka, mwalimu wa redio. Sisi sasa tuko na tableti za watoto, na Ijumaa tunafungua chumba yake. Tunataka wazazi waone yule alianza mambo ya mitambo hapa." Nikamwambia magoti yananiuma. Akasema atatuma gari. Nikamwambia nina ng'ombe anayekaribia kuzaa. Akacheka, akamwombea ng'ombe wangu azae salama, kisha akasema gari litafika saa tatu. Vijana wa siku hizi hawajui kukataliwa. Nilibaki na sinia mapajani, nikachambua mabua na majani pamoja, na jioni niliila hivyohivyo, mabua na yote.

Mwaka wenyewe ulikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, sijasomea ualimu, nafundisha darasa la tano huku nikingojea nafasi ya chuo. Ili upate nafasi, fomu ilihitaji maneno mazuri na sahihi ya mwalimu mkuu, na fomu yangu ilikuwa imelala kwenye droo ya Mwalimu Mkuu Zakayo tangu shule ifunguliwe. Zakayo hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mzee wa kanisa, mrefu, mwenye koti moja la kahawia, na aliamini kwamba kila kitu kizuri duniani kinataka kuibiwa. Redio ya shule ilipoletwa, kubwa kama sanduku la nguo, ya kutusomeshea watoto kwa matangazo ya kutoka Nairobi, aliikagua ofisi yake, akaona paa linavuja, akaamua redio itakaa chumbani kwangu, upande wa pili wa ukuta. Alikuja na kufuli jipya mkononi. "Kuanzia leo, Mwalimu, wewe na hii redio ni kitu moja," akaniambia. "Ikiibwa, jua na wewe umeibwa." Nilicheka nikidhani ni utani. Nilikuwa mtoto bado.

Chumba kile nakijua hadi leo kuliko vyumba vyote nilivyolala, hata vile nilivyozalia. Kilikuwa na kitanda cha kamba, kabati la redio, msumari wa kuning'inizia gauni la Sabato, na dirisha dogo lenye nondo nne ambazo Zakayo alizipachika wiki ileile. Kupitia nondo hizo niliweza kuona migomba ya jirani, na nyuma yake mashamba ya chai yakipanda kuelekea Nyamira, kijani kilichonyolewa sawasawa, na wachumaji wakipita na vikapu mgongoni wakizungumza kwa sauti wapendavyo. Sikuruhusiwa kutoka kwenye kiwanja cha shule isipokuwa Zakayo mwenyewe awe amekaa ofisini kulinda, naye hakupenda kukaa. Jumamosi alikwenda kanisani na mke na watoto, nami, Msabato kama yeye, nilibaki na redio iliyozimwa nikisikiliza nyimbo zikipanda kutoka bondeni. Kwetu Ogembo sikufika muhula mzima. Mke wake aliniletea uji wa wimbi asubuhi na ugali na mboga ya managu jioni, akaniwekea juu ya kabati, na mara kwa mara akaniangalia kwa huruma akisema, "Vumilia, mwanangu. Huyu mzee akishika kitu, ameshika." Nilimshukuru, nikala nimesimama karibu na redio kama mtu anayemlinda mgonjwa.

Ukuta kati yangu na ofisi ulikuwa wa mbao, na mbao zilikuwa zimekauka zikaachana. Sikutafuta kusikiliza, lakini mtu aliyefungiwa hana shughuli nyingine. Ofisini kwake Zakayo alitaka watu wote waongee Kiswahili, hata wale waliokijua nusu, kwa sababu aliona Ekegusii ni lugha ya nyumbani na ofisi si nyumbani. Ndivyo nilivyomsikia siku moja akimjibu mzee mwenzake wa kanisa aliyemuuliza kama yule msichana wa redio atakwenda chuoni. "Nikimwachilia aende, nani ataweza kuwasha hii kitu?" Zakayo akasema. "Fomu yake iko hapa. Inspekta atakuja. Redio ikiongea vizuri mbele ya inspekta, nitaweka sahihi. Ikinyamaza, basi akae hapa aifundishe kuongea." Wakacheka wote wawili. Mimi nilikaa kitandani nikalikodolea macho lile kabati. Tangu siku hiyo nilijua mlango wa kutokea mle ndani ni mmoja tu, nao ni sauti ya redio Jumatano atakayokuja inspekta.

Kwa watoto, hata hivyo, redio ilikuwa raha tupu. Kila Jumatano saa nne niliibeba hadi darasani, nikaiweka mezani juu ya kitambaa, na kabla ya kuiwasha tulisema sheria zetu. Nilizitunga mwenyewe, kwa kuwa hakuna aliyenifundisha. Mikono iwe mikavu. Radi ikinguruma, zima, kwa sababu kule kwetu radi haina mchezo. Usifungue mgongo wa redio kutafuta mtu anayeongea. Na betri zikichoka, zitolewe zianikwe juani, zipate nguvu tena kidogo. Watoto walizipaza hizo sheria kama wimbo. Katika matangazo kulikuwa na hadithi ya kila wiki, ya msichana mmoja anayevuka mito akimtafuta ndama aliyepotea wa baba yake, na kila mara hadithi ilikatika pale ambapo roho imekaa juu. Hakuna aliyeisikiliza kama Gesare. Alikuwa na miaka kumi, mwembamba, wa kwanza darasani, na alikaa mbele kabisa akijifuta mikono kwenye sketi, ingawa hakuwa anaigusa redio. Siku moja aliniuliza kama yule msichana anajua kwamba tunamsikia. Nikamwambia labda. Akaridhika, akarudi kukaa.

Ndipo mvua ikaja, ile ya kwetu inayoanza mchana na kusahau kwisha. Wiki mbili jua halikuonekana. Sauti ya redio ilianza kukonda, ikawa ya mtu anayeongea ndani ya mtungi, na Jumatano moja hadithi ilififia kabisa msichana akiwa katikati ya mto, maji yamemfika kiunoni. Watoto walilalamika. Nilimwendea Zakayo. Alinieleza kwamba betri mpya huletwa na inspekta, naye inspekta hazileti mpaka asikie kwa masikio yake kuwa redio inafanya kazi. Hakuona shida yoyote katika maneno hayo. "Na anakuja Jumatano ijayo," akaongeza, akifunga droo ambayo fomu yangu ilikuwamo.

Kwetu hakuna anayeshangaa kitu kukaushiwa jikoni. Miezi ya mvua, wimbi, mbegu, kuni na hata viatu vya shule, vyote hupandishwa kwenye uchaga juu ya moto, vikapata lile joto la polepole na moshi. Chumbani kwangu hamkuwa na jiko. Ijumaa mchana nilizitoa betri zote sita, nikawaita watoto sita wenye akili zaidi, nikampa kila mmoja moja. Nikawaambia waziweke juani, wazirudishe Jumatatu, na wasimwambie mtu, kwa kuwa Zakayo angejua kuwa betri zimetoka nje ya kufuli lake, ningekwisha. "Hii ni siri ya darasa letu," nikasema. Wakavimba kwa fahari. Gesare aliifunga yake kwenye soksi. Akafika mlangoni, akarudi. "Mwalimu, na jua lisipotoka?" Nilikuwa nimechoka, namsikia Zakayo akikohoa ofisini, nataka waondoke upesi. Nikamjibu, "Basi tafuta mahali popote penye joto." Kichwani mwangu niliuona uchaga. Naapa niliuona, pamoja na masizi yake. Lakini neno uchaga halikutoka mdomoni, wala sikusema kwamba betri haikai motoni. Sheria hiyo sikuwa nayo. Sikuwa nimeiwaza.

Jumatatu betri zilirudi tano. Gesare hakuja. Nilijiambia ni mafua. Saa nne nilipokuwa chumbani nikizijaribu zile tano, nilisikia mtu akibisha hodi ofisini, na sauti ya mwanamume ambayo sikuijua. Alikuwa baba yake Gesare. "Mwalimu, mtoto ameumia jicho," akasema. "Iko hospitali ya misheni. Jana alikuwa karibu na moto, mawe moja ya mafiga ikapasuka. Ilikuwa imelowa mvua. Hivyo ndio anasema." Zakayo akauliza kama jicho litapona. "Daktari anasema hiyo imeenda," akajibu. Nilikuwa nimeshika betri mkono huu na mkono ule. Figa lililolowa huweza kupasuka, kila mtu anajua hivyo, na hakuna aliyekuwa na sababu ya kuuliza zaidi. Ila mimi nilijua ni betri iliyopasuka. Mtoto wa miaka kumi, jicho limefungwa bendeji, bado alikuwa anatunza siri ya darasa letu.

Ningeweza kutoka. Hatua tano tu, mlango wa kwangu hadi mlango wa ofisi. Nimezipima hatua hizo maishani mwangu zaidi ya nilivyopima kitu kingine chochote. Nikisema, fomu inabaki kwenye droo, na mimi nabaki nyuma ya zile nondo labda hata maisha yangu yote. Pengine baba wa mtoto ananishika shati na ana haki. Nikinyamaza, hakuna atakayejua. Nilisikia viti vikisogezwa, nikasikia Zakayo akiomba sala ya kumwombea Gesare, nami upande wangu nikasema amina kwa sauti ya chini. Kisha baba yake akaenda zake. Aibu ya ile amina haijanitoka.

Betri ya sita niliipata kwenye tochi ya Zakayo. Nilimwambia naogopa nyoka njia ya chooni, akaniazima, nikatoa moja. Jumatano inspekta alikuja, mtu mnene mwenye buti zilizojaa matope, akakaa nyuma ya darasa. Nikawasha. Redio iliongea. Iliongea waziwazi, sauti imejaa chumba kizima, watoto kimya, kiti cha mbele kitupu. Inspekta alitikisa kichwa kwa furaha, akaandika. Mimi nilikuwa natazama watoto watano waliobaki wa ile siri, nao wananitazama mimi. Jioni ile Zakayo alinipa fomu ikiwa na sahihi na maneno matamu kuliko nilivyostahili. "Umenifurahisha sana, binti yangu," akasema, na alimaanisha. Aliniruhusu hata niende hospitali kumwona mwanafunzi wangu, akae yeye alinde. Nikamjibu kwamba hapana, redio haiwezi kuachwa. Kufuli nililolichukia muhula mzima, siku hiyo nililikimbilia mwenyewe na kujifungia.

Jicho halikuwa kosa langu la mwisho, na hili ndilo nililotaka kuliandika tangu mwanzo. Kosa la mwisho ni kwamba mvua iliendelea miezi mingine, na kila nyumba yenye redio au tochi kwenye mlima ule ilikuwa na betri zilizochoka, na watoto wangu arobaini walikuwa wakienda nyumbani wakiimba sheria zangu zilizopungua moja. Kila siku ya shule nilikuwa na nafasi ya kusimama na kusema, jamani, betri isitiwe motoni wala jivuni. Sikusema, kwa sababu kusema kungekuwa kukiri. Hata siku ya kuaga, Zakayo aliponiita mbele ya shule nzima nitoe neno, nilifungua mdomo, nikawaona wale watano, nikasema, "Someni kwa bidii." Nikapanda basi. Chuoni, na baadaye katika shule zote nilizofundisha, somo langu la kwanza kila mwaka lilikuwa betri na moto, hata nilipopewa darasa la kushona. Walimu wenzangu waliniita Mama Betri. Nilicheka nao. Lakini kwenye mlima ule sikurudi. Kila mvua ilipoanza nilikaa jikoni kwangu Ogembo nikijiuliza ni jicho la nani tena.

Ijumaa gari lilikuja, na nilipofika nilikuta chumba chao cha kompyuta ni chumba changu. Wamebomoa ukuta wa mbao wakakiunganisha na ofisi ya zamani, wamepaka rangi ya maziwa, kuna meza ndefu, soketi, na tableti zimepangwa juu ya kitambaa. Nondo nne bado zipo dirishani, sasa zinalinda tableti. Nilishika moja kwa kidole, nikaona kutu. Mwalimu Onchiri, kijana wa miraba minne mwenye sauti ya upole, aliwafundisha watoto mbele yetu: usichaji tableti ukiwa na mikono yenye maji, usimpe mtu usiyemjua jina lako wala picha yako, ukiona kitu cha kukutisha mwambie mtu mkubwa hata kama umeambiwa ni siri. Hapo penye siri niliishika tena ile nondo. Kisha akasema, "Sasa tumkaribishe mwalimu wetu wa kwanza wa mitambo," na wazazi wakapiga makofi. Niliinuka. Katika safu ya akina nyanya waliokaa ukutani, mmoja mwenye kitambaa cha bluu alikuwa akinitazama kwa jicho moja.

Nilikuwa nimeandaa hotuba ya shukrani, nimeiandika nyuma ya bahasha. Sikuitoa mfukoni. Niliwaambia watoto kwamba chumbani humu niliwahi kutunza redio, na kwamba niliwapa watoto sita betri waende nazo nyumbani, nikawaambia watafute joto, nikasahau kuwaambia moto si mahali pake. Nikasema mmoja alipoteza jicho na mimi nilijua sababu nikanyamaza, ili nipate kwenda chuoni. Nilitaja jina lake. Hakuna aliyepiga makofi tena. Mwalimu Onchiri alitazama viatu vyake. Mtoto mmoja akauliza mwenzake, kwa sauti ambayo wote tuliisikia, "Ni nyanya yako huyo?" Nikakaa.

Walitupa chai na ndizi za kuchemsha nje, chini ya paa la mabati. Gesare alikuja na kikombe chake, akakaa kando yangu bila kuniomba nafasi. Nikataka kupiga magoti, akanishika mkono. "Wacha, Mwalimu. Sisi ni wazee, tutainuliwa na nani?" Akanywa chai. Akanieleza kwamba kwao Jumamosi, siku ya Sabato, moto haukuchochewa, chakula kilipikwa Ijumaa, kwa hivyo uchaga ulikuwa baridi siku nzima. Jumapili akaona imebaki siku moja, akaogopa betri yake ndiyo itakayonyamazisha redio. Akaizika kwenye jivu la moto, pale walipochoma viazi, akainama kuangalia kama imeiva. Nilimuuliza kwa nini hakusema, hata baadaye, hata akiwa mtu mzima. "Ungenyimwa chuo. Hata sisi watoto tulijua unangoja fomu," akajibu, akishangaa kwamba nauliza. "Ile siku ya betri mzee alikuwa anakohoa huko ofisi. Niliona vile unaogopa."

Hakurudishwa shule. Mama yake alikataa, akisema jicho lililobaki ni la kutunza. Basi akiwa amekaa tu nyumbani, mvua ile, alianza kwenda boma kwa boma. Aliingia jikoni kwa watu, akauliza kama wana betri, akazionyesha mahali, juu kwenye uchaga, si chini. Waliokuwa wabishi aliwaonyesha uso wake. "Niliwaambia Mwalimu hakumaliza somo, amenituma nimalize," akasema. "Mimi nilijua utakuja kunituma tu. Kwa hivyo nilianza mapema." Mlima mzima, akasema, hakuna mwingine aliyeumia.

Nililia hapo mbele ya ndizi, bila haya. Aliniacha nilie, akamenya ndizi yangu pamoja na yake, kisha akasogea karibu akapunguza sauti kama tulivyokuwa tukifanya darasani kabla ya saa nne. "Sasa na wewe uniambie kitu moja. Ile Jumatano ya inspekta, redio iliongea?" Nikamwambia iliongea vizuri sana. "Yule msichana alikuwa kwa mto," akasema. "Alivuka? Ndama ilipatikana?"

Nilitamani kumwambia ndiyo. Lilikuwa neno dogo, na alikuwa amelingojea maisha yake yote. Lakini nilikuwa nimetoka kusema ukweli mara moja tu katika miaka hiyo, na sikutaka kuuharibu siku ileile. "Sijui, Gesare," nikamwambia. "Nilikuwa nimesimama karibu nayo kabisa. Sikusikia hata neno moja."

Alinitazama kwa lile jicho lake. Kisha akanipa ndizi yangu iliyomenywa, akajifuta mikono kwenye sketi, mmoja baada ya mwingine, mpaka ikakauka.